Mahali Pasipo Daraja

Cincinnati, Ohio

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yenu tu. Nimewatumia picha saba pamoja na barua hii. Ile ya saba nawaomba msiitazame mpaka mfike mwisho wa simulizi.

Jumamosi nilishinda mtoni. Nilitoka kabla hakujapambazuka, nikavuka kwa miguu kwenda Covington kwa lile daraja la buluu alilojenga mhandisi John Roebling. Mto Ohio ndio mpaka: huku jimbo la Ohio, ng'ambo Kentucky. Pale magari yanapopita, sakafu ya daraja ni wavu wa chuma, na kila gari likipita matairi yanavuma kama nyuki mzingani. Niliweka kiganja juu ya chuma, mtetemo ukanipanda mpaka kwenye kiwiko. Daraja hili lilifunguliwa Desemba 1866 kwa waendao kwa miguu, na mwezi uliofuata kwa magari ya farasi. Lina mita 322 kutoka mnara mmoja hadi wa pili, na wakati ule hapakuwa na daraja duniani lenye nafasi kubwa kuliko hiyo. Roebling huyohuyo ndiye aliyebuni daraja la Brooklyn kule New York, ila alifariki kabla halijajengwa.

Baba, ulinifundisha kuungoja mwanga, nami niliungoja. Nilisimamisha kamera ukingoni, nikaacha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa, maji yakatoka laini kama kitambaa kilichopigwa pasi, na minara miwili ikasimama ndani yake kichwa chini. Hiyo ndiyo picha ya kwanza. Naipenda sana.

Nilipogeuka nyuma ndipo siku yangu ilipobadilika. Ukuta wa kuzuia mafuriko upande ule umechorwa historia ya mji, na mchoro mmoja unaonyesha watu wakitembea juu ya mto ulioganda. Ni Margaret Garner na jamaa zake, waliotoroka utumwa Kentucky Januari 1856 na kuvuka kuja Ohio, ambako utumwa ulikuwa marufuku. Walifika Cincinnati, wakazingirwa na waliokuwa wakiwasaka, na Margaret akamuua binti yake mdogo ili asirudishwe utumwani. Nilisimama pale muda mrefu, kamera ikining'inia shingoni. Mwaka huohuo wa 1856 ndio ujenzi wa daraja ulipoanza. Likaja kufunguliwa mwaka mmoja baada ya utumwa kupigwa marufuku Marekani nzima. Yaani waliolihitaji kuliko wote hawakulikuta.

Basi nikapanda gari kuelekea Maysville, mji mwingine wa Kentucky kando ya mto huohuo, nikiwa na wazo hilo. Huko kuna daraja jingine la kuning'inia, la mwaka 1931, na karibu na mji kuna jipya la 2001 ambalo nyaya zake zimenyooka kutoka minarani kama nyuzi za zeze. Jua lilikuwa la utosi na picha zangu za pale ni za kawaida tu. Ya nne mtaipenda, niliipiga nikiwa chini ya daraja, safu za ribiti, zile pini zinazoshikanisha vyuma, zikionekana moja moja.

Alasiri nikavuka kurudi Ohio, nikafuata barabara ya kando ya mto hadi Ripley. Ni mji mdogo, nyumba za matofali zimepangana zikiutazama mto, na daraja hauna. Moja ya nyumba hizo ilikuwa ya John Parker. Alizaliwa utumwani Virginia, akajinunulia uhuru wake mwaka 1845, akafungua karakana ya kuyeyusha chuma hapo Ripley. Usiku alikuwa akipiga makasia hadi Kentucky, akiwatoa watu huko na kuwavusha. Hebu fikirieni mtu ambaye tayari yuko huru kurudi ng'ambo ile kwa hiari yake, tena mara nyingi! Juu ya kilima ipo nyumba ya mchungaji John Rankin, aliyewapokea waliovuka. Inasimuliwa kwamba taa ya dirishani kwake ilionekana mpaka Kentucky. Nilipanda ngazi zile ndefu nikifikiria miguu iliyoipanda njia hiyo gizani, ikiwa na maji na matope.

Nilishuka ukingoni jua likizama. Kigogo kilikuwa kimekwama kwenye tope, povu likizunguka ncha yake. Nilitia vidole majini, yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani. Ng'ambo miti ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Sasa itazameni ya saba. Ni maji matupu na ukingo wa pili. Mama, weka kidole ukingo huu, kisha kipeleke polepole mpaka ule, uone umbali wake.

Wasalimieni wote nyumbani. Nitapiga simu Jumapili.

Mwanenu