Picha za vitenge kwenye EQ8
Jamani wapendwa habari za jioni, wengi mmeniuliza inboksi vile mnaweza kuingiza picha za vitambaa kutoka intaneti kwenye EQ8, ile programu ya kompyuta ya kupangia kwilti (blanketi za viraka), kabla hatujaenda soko la Kikuubo hapa Kampala kununua, basi naandika hapa tusome wote. Ile picha ndogo ya kwanza achaneni nayo, ifungueni iwe kubwa kabisa ndo muisevu, halafu mkate pembeni zote, rula, jina la duka, kivuli, vyote vitoke, maana programu inarudiarudia hiyo picha kama vigae na kamstari keupe kakibaki utakaona kila mahali.

Sasa saizi, hapa ndo tunakwama. Kompyuta haijui ua la kitenge lina inchi ngapi, wewe ndo unaiambia. Picha ikiwa na pikseli (vile vidoti vidogo vya picha) 600 kwa upana na kitambaa kinachoonekana ni inchi 8, hiyo ni pikseli 75 kwa inchi. Tafadhali msiruke hii, mimi niliiruka nikanunua yadi 6 nikidhani maua ni madogo, kumbe makubwa, viraka vyangu vya inchi 3 vikatoka rangi tupu bila hata ua moja, niliumia sana.

Na hizo picha ni za kupangia kwilti zetu tu, msizichapishe kuuza, michoro ina wenyewe.

Jumamosi kila mtu aje na picha zake tano na laptopu yenye chaji, umeme unaweza kupotea.