Tukate waridi kwa kalenda ya mvua, si ya Ulaya

Mhariri,

Kila mwisho wa Februari mikasi husikika katika bustani ndogo za Nairobi, Kiambu na Nakuru. Mawaridi hukatwa yakabaki shubiri moja kutoka ardhini, kwa kuwa vitabu vya Uingereza vinaagiza hivyo. Kule agizo ni sahihi: mmea umelala kwa baridi na unakaribia kuamka. Hapa kwetu waridi halilali. Ukilikata leo, macho yaliyo chini ya mkato, yaani vituta vidogo ambamo machipukizi hutokea, huanza kuvimba baada ya siku chache, na Nairobi maua hufunguka baada ya wiki 8 hivi. Mkato wa mwisho wa Februari basi huleta maua mwisho wa Aprili, mwezi wenye mvua nyingi kuliko mwingine wowote jijini. Petali za nje hulowa, jua likitoka hugandamana, na tumba huoza likiwa bado limefumba. Mwenye bustani hulaumu aina aliyonunua, kumbe kilichoharibika ni tarehe.

Naomba nafasi kueleza hesabu hii kwa kutumia waridi moja ambalo lingefaa sana viwanja vyetu vidogo, nalo ni Just Joey. Lilizalishwa na Cants wa Colchester, Uingereza, likatolewa mwaka 1972, na mwaka 1994 shirikisho la dunia la vyama vya waridi lililiingiza katika orodha yake ya mawaridi bora kabisa. Mzazi wake mmoja ni Fragrant Cloud, waridi jekundu la Ujerumani lenye harufu kali, na harufu hiyo amerithi. Rangi yake ni ya aprikoti. Asiyelijua tunda hilo afikirie nyama ya papai lililoiva iliyotiwa maziwa kidogo. Ua lililokunjuka hupita upana wa sentimita 12, na kingo za petali zake hujikunja kama marinda. Mmea hauzidi sana mita moja, hivyo sentimita 60 hadi 75 kati ya mche na mche zinatosha. Ni wa kundi la waridi chotara la chai, ambalo huzaa ua moja kubwa juu ya shina moja, tena na tena mwaka mzima.

Msomaji atauliza kwa nini asichukue kikonyo cha waridi linalouzwa kando ya barabara akakichomeka ardhini. Mawaridi yale ni ya mashamba ya maua ya Naivasha, nayo yamechaguliwa kwa urefu wa shina na kwa uwezo wa kuvumilia safari ya ndege na siku nyingi ndani ya maji. Harufu haikuwa katika mashindano hayo, na mengi hayana harufu yoyote. Nunua mche uliopandikizwa, yaani ulioungwa juu ya shina la waridi jingine, wenye matawi yasiyopungua matatu yaliyokomaa.

Sasa mahali. Saa 6 za jua ndiyo kiwango cha chini, na jua la asubuhi ni bora kuliko la alasiri kwa sababu mbili: hukausha umande mapema, na halipaushi rangi. Just Joey linalopigwa na jua la saa nane mchana karibu na ukuta wa mawe hugeuka rangi ya mchanga kabla halijafunguka vizuri. Acha sentimita 50 kati ya mche na ukuta ili upepo upite.

Shimo liwe sentimita 45 kwa upana na kwa kina. Udongo uliotoka uchanganye na debe moja la mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na konzi mbili za unga wa mifupa. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Watu wengi huua mche kwa wema huo. Udongo mwekundu wa Kiambu hupitisha maji vizuri lakini mara nyingi una asidi nyingi, hasa sehemu za majani chai, na waridi hupenda pH ya 6 hadi 6.5. Pima kwanza, ndipo utie chokaa ya kilimo. Wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama wa Athi River na Kitengela, wasichimbe shimo kabisa. Shimo katika udongo ule hugeuka karai la maji wakati wa masika. Wainue tuta la sentimita 30 na kupanda juu yake. Asiye na kiwanja atumie chombo cha lita 40 au zaidi chenye matundu chini; ndoo ya lita 20 hukauka kwa siku moja ya Februari.

Kuna fundo mahali ambapo waridi limeungwa na shina la kupandikizia. Vitabu vya Ulaya husema lizikwe, kwa kulikinga na barafu. Sisi tuliache sentimita 3 juu ya udongo, likae kavu na lionekane. Faida ya kuliona ni kwamba chipukizi lolote linalotoka chini yake ni la shina la kupandikizia, ambalo huku kwetu mara nyingi ni Natal Briar. Ili kulitambua, usihesabu vijani vya kila jani kama wengi wanavyofundisha, kwani hesabu hiyo hudanganya. Fukua udongo, fuata chipukizi hadi lilipoanzia, kisha ling'oe kwa mkono kwa kulivuta kuelekea chini. Ukilikata kwa mkasi, macho yaliyobaki yatatoa machipukizi mengine matatu.

Maji: lita 10 kwa mche mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, shinani, asubuhi. Kumwagilia jioni juu ya majani ndiko kunakozaa madoa meusi. Mbegu za ukungu huo huhitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa 7 ndipo ziingie, na jani lililoloweshwa saa kumi na mbili jioni hulala na maji hadi asubuhi. Halafu matandazo ya sentimita 5 ya majani makavu yafunike udongo, yasiguse shina.

Narudi kwenye mkasi, maana hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Masika ya Nairobi huanza katikati ya Machi, na vuli huanza karibu na katikati ya Oktoba. Hesabu wiki 8 kurudi nyuma. Mkato mkuu uangukie siku za mwisho za Desemba au wiki ya kwanza ya Januari, ili maua yafunguke mwisho wa Februari, jua likiwaka. Mkato wa pili, mwepesi, uwe mwisho wa Julai, maua yaje mwisho wa Septemba. Limuru na Tigoni kuna baridi zaidi, hivyo ongeza wiki moja au mbili. Wao wakate kabla ya Krismasi. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama Iringa, zina msimu mmoja wa mvua, na huko mkato mkuu hungoja mvua iishe mwezi wa Mei.

Wiki mbili kabla ya mkato mkuu punguza maji kwa nusu, mmea upumzike. Kisha ondoa matawi yaliyokufa, yaliyo membamba kuliko penseli na yanayosuguana katikati. Matawi manne au matano yaliyobaki yapunguze kwa thuluthi moja, kwa kawaida hadi sentimita 50 au 60. Just Joey halina matawi mengi, na likikatwa hadi shubiri moja huchukua miezi kujirudishia nguvu, pengine lisirudi. Kila mkato uwe milimita 5 juu ya jicho linalotazama nje, ukiinama kidogo kuelekea upande wa pili wa jicho. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kwenda mche mwingine. Majani ya zamani yote yaondolewe, hata yaliyoanguka, yachomwe. Ukungu wa madoa meusi hujificha humo. Machipukizi mapya yakifika sentimita 5, nyunyiza kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mbolea ya 17:17:17 umbali wa shubiri moja kutoka shinani, baada ya kumwagilia. Wanaozidisha CAN, mbolea ya nitrojeni, hupata majani manene laini, ambayo vidukari na ubwiri unga huyapenda mno.

Ubwiri unga ni ule weupe kama unga wa ngano unaokunja majani machanga Julai na Agosti. Hauhitaji jani lililolowa. Siku kavu na usiku wa baridi wenye unyevu hutosha. Dawa ya salfa husaidia ikipulizwa mapema, jua lisiwe kali, la sivyo majani huungua. Januari na Februari adui hubadilika, akaja utitiri mwekundu. Jani huonekana kama limepakwa vumbi la shaba, na chini yake kuna utando mwembamba. Hapo, na hapo tu, piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Vidukari viminye kwa vidole au pulizia mililita 5 za sabuni ya maji katika lita moja.

Kwa ndugu zetu wa Mombasa na Dar es Salaam nasema wazi kwamba waridi hili si la huko. Usiku wa joto hufanya ua lifunguke na kuchoka kwa siku moja, dogo na lililopauka. Asmini na rehani hutoa harufu bora zaidi pwani, kwa kazi ndogo zaidi.

Anayetaka harufu ndani ya nyumba akate ua asubuhi mapema, petali mbili au tatu za nje zikiwa zimeanza kuachana, alitumbukize hadi shingoni katika maji kwa saa mbili kabla ya kulipanga. Tumba gumu lililokatwa mapema mno hulegea shingo bila kufunguka. Mwaka wa kwanza akate shina fupi, lenye jani moja au mawili tu, kwa sababu kila jani linaloondoka na ua ni chakula ambacho mche mchanga ulikihitaji kujenga tawi la mwaka ujao.

Mtunza bustani,
Limuru