Mfalme Muryeong hakuwa mtoto wa Dongseong

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu wafalme wa kale wa Korea. Mwandishi anasema Mfalme Muryeong wa Baekje, mojawapo ya falme za kale za Korea, alikuwa mwana wa Mfalme Dongseong aliyemtangulia. Ndivyo isemavyo Samguk Sagi, kitabu cha historia ya Korea, lakini kitabu hicho kilikamilika mwaka 1145, zaidi ya miaka 600 baada ya Muryeong kuzikwa.

Mwaka 1971, wachimba mtaro wa maji huko Gongju, Korea Kusini, waligonga matofali ya kaburi ambalo wezi hawakuwahi kuligusa. Ndani palikuwa na jiwe lililochongwa: mfalme Sama (ndilo jina la Muryeong alipokuwa hai) wa Baekje, umri miaka 62, amefariki mwezi wa tano. Ni mwaka 523, kwa hiyo alizaliwa karibu na mwaka 462. Sasa tufanye hesabu. Dongseong alitawazwa mwaka 479, na Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia cha Wajapani, inasema alikuwa angali mdogo. Wakati huo Muryeong alikuwa kijana wa miaka kama 17. Mtoto huyo atamzaaje kijana huyu? Nihon Shoki ina masimulizi mawili kuhusu baba yake: moja linamtaja Mfalme Gaero, jingine linamtaja Konji, baba yake Dongseong, na kumfanya Muryeong kaka yake Dongseong, mama mbalimbali. Sithubutu kuamua kati ya hayo mawili. La kumfanya mwana wa Dongseong ndilo nisiloweza kulikubali, kwa sababu jiwe liliwekwa wakati mwanawe Seong yuko kitini, na waliolichonga walimjua marehemu.

Tena makala haikumtaja kabisa mkewe, ilhali walizikwa pamoja. Mfalme aliingizwa kaburini mwaka 525, baada ya miezi 27 ya kungoja. Malkia alifariki mwaka 526, naye akangojwa vivyo hivyo hadi 529. Mkononi alikuwa na bangili mbili za fedha zenye madragoni, na kwa ndani zimeandikwa kuwa Dari alizitengeneza kwa ajili ya bibi mkuu, mwaka 520. Jina la sonara tunalo hadi leo. La malkia halikuandikwa popote kaburini. Limeandikwa tu kwamba alikuwa malkia wa Baekje.

Naomba marekebisho yachapishwe, na safari hii mama huyu apewe japo aya moja.

Msomaji wenu