Barua kwa mabinti wa tenisi: utazameni mkono wa kushoto wa Serena

Wanangu mnaojifunza tenisi, salaam.

Wengi wenu mna picha ya Serena Williams kwenye simu, na uwanjani mnajaribu kupiga sevu, lile pigo la kuanzisha kila pointi, kama yake. Hilo ni jema. Tatizo ni kwamba mnautazama mkono wake wa kulia tu, ule wenye raketi. Mnaona misuli na kishindo, kisha mnakwenda kupiga kwa nguvu hadi bega linauma na mpira unaishia kwenye wavu. Nawaomba mumtazame upya. Utazameni mkono wa kushoto, ule unaorusha mpira juu.

Serena si jitu. Ana urefu wa mita 1.75 tu, na wapinzani wake wengi walimzidi kimo. Lakini Wimbledon ya mwaka 2012, katika mechi saba za mchezaji mmoja mmoja, alipiga sevu 102 ambazo mpokeaji hakuzigusa kabisa. Nusu fainali peke yake, dhidi ya Victoria Azarenka, zilikuwa 24. Kwenye fainali na Agnieszka Radwańska, seti ya tatu, alimaliza gemu nzima kwa sevu nne, na Radwańska hakugusa hata moja.

Nguvu ilichangia, ndiyo. Mwaka uliofuata, kule Australia, sevu yake ilipimwa kilomita 207 kwa saa. Lakini wachezaji wa kiwango kile wamezoea kasi. Kilichowashinda ni kwamba hawakujua mpira unakwenda wapi. Anayepokea sevu huutazama mpira unapopanda: ukielea mbali kulia, anajua unakuja wa kukata, yaani utapinda pembeni, ukirudi juu ya kichwa cha mpigaji, anajua utadunda juu. Kwa Serena mpira ulipanda njia ileile kila mara, uwe unakwenda pembeni, mwilini au katikati. Mpokeaji aliambulia habari mpira ukiwa umeshapigwa, na hapo amechelewa.

Sasa tujifunze. Mnaotumia mkono wa kushoto, geuzeni maelekezo yangu.

Mpira ushikwe kwa ncha za vidole. Ukiukumbatia kiganjani utaviringika unapoachia, na hapo ndipo urushaji wa wengi unapoharibika. Nyoosha mkono, uinue wote kutoka begani kana kwamba kiwiko hakikunjiki, na uachie mpira mkono ukifika usawa wa paji la uso. Usiurushe kwa kifundo cha mkono. Kifundo kikichezacheza, mpira unakwenda nyuma. Ukishaachia, mkono ubaki juu kidogo. Ukiushusha haraka, bega linashuka nao, kifua kinainama na mpira unapiga wavu.

Zoezi ni hili. Simama nyuma ya mstari wa nyuma, chora kwa chaki duara la upana wa raketi ndani ya uwanja, sentimita 30 hivi mbele ya mguu wako wa mbele na kidogo upande wa kulia. Rusha mpira bila kuupiga, uuache udondoke. Mara 20. Ukidondoka ndani ya duara mara 15, anza kupiga. Chini ya hapo, endelea kurusha. Najua linachosha. Lakini mpira uliorushwa vibaya si lazima uupige: sheria inakuruhusu kuudaka na kuanza upya. Naona wengi mnaona aibu kuudaka, mnaukimbiza kwa kiuno kilichopinda. Serena naye alikuwa akiudaka. Na siku ya upepo, kama kwetu pwani alasiri, punguzeni kimo cha kurusha. Mpira unaokaa hewani muda mfupi hausukumwi mbali.

Raketi ishikeni kama mnavyoshika nyundo. Mpini una pande nane: geuza raketi ukingo wake utazame chini, upande wa juu uite wa kwanza, kisha weka fundo la chini la kidole cha shahada kwenye upande wa pili kuelekea kulia. Mwanzoni utahisi mpira wote unakwenda kushoto. Vumilia wiki mbili. Anayerudi kwenye mshiko wa kikaangio anaangukia kosa la sinia: raketi inakaa nyuma ya kichwa uso wake ukitazama mbinguni, kama mhudumu anayebeba vyakula, na kazi pekee anayoiweza hapo ni kuusukuma mpira.

Kuna hesabu moja nataka muielewe, kwa sababu inaokoa mabega. Wavu katikati una kimo cha sentimita 91.4. Kutoka mstari wa nyuma hadi kwenye wavu ni mita 11.89, na kisanduku cha sevu upande wa pili, pale sevu inapotakiwa kuangukia, kina kina cha mita 6.40. Ili mpira uende mnyoofu, upite juu ya wavu na bado uangukie ndani, lazima upigwe ukiwa kwenye kimo cha karibu mita 2.6. Serena akiruka anapafikia. Binti wa mita 1.50, hata ajinyooshe vipi na raketi yake, hafiki. Kwa hiyo kila anayewaambia "piga chini kwa nguvu" anawapotosha. Pigeni kuelekea juu, raketi ikipangusa mpira kutoka chini kwenda juu na kidogo pembeni, ili mzunguko uuvute ndani baada ya kuvuka wavu.

Sevu 40 hadi 60 kwa siku, siku tatu kwa wiki, zinatosha kwa binti wa miaka 12. Kiwiko kikianza kushuka chini ya bega, acha hapohapo, hata kama ni sevu ya 25. Na walio chini ya miaka 10 watumie mipira laini ya rangi ya chungwa au yenye doa la kijani, na raketi ya inchi 23 hadi 26 kulingana na kimo. Raketi ya mtu mzima ni inchi 27, na mtoto akiibeba hiyo, mwili unajifunza makosa ili kuweza kuiinua.

Sasa miguu. Hapa Serena anatufundisha kwa uchungu. Mwaka 2009, nusu fainali ya US Open dhidi ya Kim Clijsters, alikuwa nyuma 4-6, 5-6, gemu ikiwa 15-30. Akapiga sevu ya pili, ambayo ni nafasi ya mwisho baada ya ya kwanza kukosea, mwamuzi wa mstari akaita kosa la mguu, yaani mguu umegusa mstari kabla mpira haujapigwa. Pointi ikaenda, ikawa 15-40. Serena akamfokea mwamuzi kwa maneno makali, na kwa kuwa alishaonywa kwa kuvunja raketi baada ya seti ya kwanza, akanyang'anywa pointi nyingine. Mechi ikaishia pale. Watu hadi leo wanabishana kama mguu uligusa. Mimi nawaambieni simameni sentimita tano nyuma ya mstari, mwenzenu awatazame mguu kila mazoezi, na ubishi huo hautawahusu.

Wazazi nao wasome hapa. Familia ya Williams ilihama kutoka Compton, California, kwenda Florida mwaka 1991, na baba, Richard, akawaondoa Venus na Serena kwenye mashindano ya watoto. Walibaki kufanya mazoezi na kusoma. Mechi ya kwanza ya kulipwa ya Serena, kule Quebec mwaka 1995 akiwa na miaka 14, aliipoteza 1-6, 1-6. Miaka minne baadaye alitwaa US Open kwa kumfunga Martina Hingis. Lakini msidhani hiyo ndiyo njia pekee. Angella Okutoyi wa Kenya alipita humohumo kwenye mashindano ya vijana, na mwaka 2022 akatwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kinachoharibu ni mtoto kucheza mechi nyingi kabla sevu haijakaa, kwa sababu kwenye mechi atarudia kile kinachompa pointi leo, yaani kusukuma mpira.

Neno moja kuhusu mwili. Mwaka 2011 Serena alipata damu iliyoganda kwenye mapafu. Septemba 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa upasuaji, alikosa pumzi, akaijua dalili, akasisitiza apigwe picha za kifua na kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Picha zikaonyesha alikuwa sahihi. Mkiumwa semeni mapema, na msemapo msikubali kunyamazishwa. Bega linalouma usiku si uchovu wa kawaida.

Kabla ya sevu ya kwanza Serena alidundisha mpira mara tano, kabla ya ya pili mara mbili. Idadi chagueni wenyewe, ila isibadilike, maana inaupa mkono wa kushoto muda wa kutulia. Jumatatu njooni na chaki. Raketi zitabaki kwenye mifuko kwa nusu saa ya kwanza.

Mzee wenu wa uwanjani