Kabati la vitabu kanisani liondolewe kufuli

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja alirudia ule msemo wetu wa kujidharau, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiandike kitabuni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wa tisa natunza maktaba ya usharika wetu wa Kilutheri huku mlimani Kilimanjaro. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu kwetu vitabu vilifichwa kweli, ila si na wasomaji.

Nilipoikuta, maktaba ilikuwa kabati moja la mninga ndani ya ofisi ya usharika, lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao mzee mmoja wa kanisa, mtu mwaminifu mno, akitembea nao mfukoni shambani, msibani, hata Arusha kwa binti yake. Ukitaka kitabu, kwanza umtafute yeye. Daftari la kuazima nilikuta jina la mwisho limeandikwa miaka sita nyuma, na mwenye jina alikuwa mchungaji aliyekwisha kuhamishwa. Mzee akaniambia kwa fahari, "Mwalimu, tangu nishike ufunguo huu hakijapotea hata kimoja." Alisema kweli. Vilivyoliwa na mchwa na kuoza kwa unyevu wa masika hatukuvihesabu.

Nusu ya vilivyobaki vilikuja kwenye kontena kutoka kwa marafiki zetu wa Ulaya: vitabu vinene vya Kijerumani, miongozo ya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, na kimoja cha kuoka keki za Krismasi. Nikasema viondoke. Baraza la wazee likagoma, sadaka haitupwi. Tulibishana vikao viwili. Mwishowe vya teolojia alipewa mchungaji mmoja anayejua Kijerumani. Vingine sitasema vilikwenda wapi, ila mwaka ule muuza karanga wa stendi yetu alikuwa na karatasi nzuri kweli.

Sasa, wasio Walutheri niwaeleze. Ibada ikiisha kwetu watu hawaendi nyumbani. Tunatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maparachichi, mara nyingine mbuzi. Watu wanasimama pale hata saa nzima wakicheka na kupandishiana bei. Nikamwomba mchungaji meza moja ya Sunday School, nikaiweka chini ya mti karibu na mnada, nikapanga vitabu arobaini. Jumapili ya kwanza vilitoka vitatu, vyote mikononi mwa watoto. Ya pili walikuja mama zao kuuliza ni nani amewapa watoto vitabu vya kanisa bila ruhusa. Nikawaambia ni mimi, na je, wewe mama unataka kipi?

Nilitaka pia kufanya mambo kitaalamu. Nikashuka Moshi mjini, Maktaba ya Mkoa, mkutubi akanifundisha kwa subira mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada: dini ni 200, Biblia 220, mifugo 636. Nikabandika namba wiki nzima. Lakini maktaba ya kanisa karibu kila kitu kinaangukia 200 na kitu, na mama ambaye kuku wake wanakufa kwa kideri hajui 636 ni mnyama gani. Nikachana kanga kuukuu vipande vyembamba, nikavigundisha mgongoni mwa vitabu: nyekundu watoto, kijani kilimo na mifugo, manjano ndoa na malezi, nyeupe Biblia na sala. Siku hizi bibi anamtuma mjukuu, "Kaniletee ya kijani." Mkutubi akija kututembelea atanisamehe.

Ya manjano ndiyo inayotoka kuliko zote. Wanaume wanaichukua pia, lakini inarudi imevalishwa jalada la gazeti, mara nyingine gazeti lenu.

Kilichonifungua macho zaidi ni miwani. Kuna kina bibi waliojifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, enzi zile Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilidhani wamesahau kusoma. Siku moja mmoja wao akashika Zaburi kwa mkono ulionyooka kabisa, kama anayemfukuza nyoka kwa fimbo, ndipo nikaelewa. Nikaenda sokoni Kiboriloni, nikanunua miwani minne ya kusomea, nikaiandika daftarini kama vitabu. Sasa inaazimwa. Mmoja alikaa nayo wiki tano, nikamwacha, maana alikuwa anawasomea wenzake wa jumuiya kila alfajiri.

Jumuiya nazo zimesaidia kwa wanaokaa mbali. Kila jumuiya ina kapu la vitabu vitano, na mwisho wa mwezi makapu yanabadilishana. Miguu ya rafu nayo imesimama ndani ya makopo ya oili chafu, hivyo mchwa hawapandi.

Vinapotea? Ndiyo. Mwaka jana havikurudi kumi na moja. Sitozi faini. Shuleni nilitoza, na nilichojifunza ni kwamba mtoto asiye na hela ya faini hukaa na kitabu na hukaa mbali na mwalimu. Vilevile naogopa anayedaiwa na maktaba asije akakwepa na ibada. Mzee wa ufunguo bado ananihesabia kila kikao, kumi na moja, kumi na moja. Namwonyesha daftari: mwaka huohuo vitabu vimeazimwa mara mia nne na kitu. Hajashawishika, lakini mwezi wa nane alichukua kitabu cha nyuki.

Kimoja tu ndicho sikitoi. Ni Agano Jipya la Kichaga cha Old Moshi, tafsiri ya mmisionari Bruno Gutmann, yule aliyefika nchini 1902. Kilikuja na mjukuu wa mwinjilisti, kimefungwa kwenye shuka. Hicho kinasomewa mezani, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Wazee wanakuja, wanasoma mistari miwili kwa sauti, wanabishana neno fulani babu zao walilitamka vipi, kisha wanakirudisha. Nakubali kwamba kwa kitabu hiki nimekuwa kama mzee wa ufunguo.

Ombi langu kwa wachungaji na wazee wa kanisa wanaosoma gazeti hili, wa dhehebu lolote, si kubwa. Sisi hatujawahi kupata kifungu kwenye bajeti, tunaishi kwa kuku mmoja wa mnada kila mwezi, ambaye baraza lilikubali fedha yake inunue vitabu vya Kiswahili. Kuku mmoja si haba, lakini vitabu vya watoto vinachakaa upesi kuliko kuku wanavyotaga. Wekeni kifungu, hata kidogo. Na meza itoke nje, palipo na watu.

Magoti yangu hayaniruhusu kusimama kama zamani, kwa hiyo tangu Pasaka daftari analishika binti mmoja wa darasa la kipaimara. Anaandika kwa kalamu ya wino badala ya penseli. Nimemwambia mara mbili.

Mwalimu mstaafu,
Moshi Vijijini, Kilimanjaro