Fielder ya Dar, Corolla ya Uingereza, na hesabu unayoletewa Mombasa

Wiki jana mteja aliingia ofisini kwetu Mombasa, tunakoagizia watu magari na kuyatoa bandarini, na hata kukaa hakukaa. Aliweka simu juu ya meza, kioo kikanielekea mimi: Corolla Fielder ya haibridi, nyeupe, na chini yake bei kwa dola. Akakunjua makadirio yetu akayalaza kando ya simu. "Kaka, hii bei ya Japani na hii bei yako. Hizi pesa za katikati zinaenda wapi?"

Hakusema neno wizi, lakini alikuwa nalo mdomoni. Na si yeye peke yake. Swali hili naulizwa karibu kila wiki, tena mara nyingi na watu ambao tayari wamepiga simu Dar, wamepiga simu kwa dada yao Leicester, na wote huko wamewaambia kuwa Mombasa tunawanyonga. Basi leo naandika, ili nikiulizwa tena nitume hii.

Ile bei ya mtandaoni ni FOB, yaani gari limepandishwa melini kule Japani, basi. Ukiongeza nauli ya meli na bima unapata CIF, na hapo gari limefika Kilindini lakini geti halijaliona. Kutoka Kilindini hadi mlangoni kwako ndiko pesa nyingi ziliko.

Kitu ambacho wateja hawapendi kukisikia ni kwamba KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hawaangalii ulinunua kwa bei gani. Wanachukua bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, kwenye orodha yao ya bei za rejareja iitwayo CRSP, wanapunguza kulingana na umri, na kutoka hapo wanapata thamani ya forodha. Ukibahatika kupata gari kwa bei ya kutupa Yokohama, hongera, lakini ushuru wako ni uleule wa jirani yako aliyenunua ghali.

Tuseme thamani ya forodha imetoka shilingi 1,000,000. Ushuru wa kuingiza gari ni 35%, hiyo ni 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi cc 1,500 ni 20%, na unakatwa juu ya 1,350,000, si juu ya milioni: 270,000. VAT ya 16% nayo inapanda juu ya 1,620,000: 259,200. IDF, yaani ada ya tamko la kuingiza bidhaa, 2.5% na tozo ya reli 2%, zote juu ya ile milioni: 45,000. Jumla 924,200. Hapo sijataja gharama za CFS (yadi ambako gari hukaa likitoka bandarini), usajili wa NTSA (mamlaka ya usafiri), wala ada yetu, ambayo tunaiandika mstari wake peke yake ili mtu aione. Ukiilinganisha na huo ushuru utacheka.

Sasa angalia injini. Fielder ya haibridi ina cc 1,496, na Honda Shuttle ya haibridi hivyohivyo. Corolla Touring, iliyotoka 2019 kama mrithi wa Fielder, haibridi yake ni cc 1,797, sawa na Prius Alpha. Hizi mbili za mwisho zinaingia kwenye ushuru wa bidhaa wa 25%. Kwa thamani ileile ya milioni moja, ushuru unafika 1,002,500. Shilingi 78,300 zimekwenda kwa ajili ya cc 301. Na Touring, kwa kuwa ni ya miaka ya karibuni, thamani yake huzidi hiyo milioni moja. Siwaambii watu wasiinunue. Mimi mwenyewe naipenda kuliko Fielder. Nasema tu mtu ajue kabla hajamwambia mkewe bei.

Haya, Dar. Ndiyo, kuna Fielder Dar ambazo ukisikia bei yake unaona umepigwa. Tanzania ushuru wa kuingiza ni 25% na VAT 18%, na gari la zaidi ya miaka minane wanaliruhusu, isipokuwa wanaongeza tozo ya uchakavu juu yake. Kenya hatuna tozo hiyo kwa sababu gari lenyewe haliingii: KEBS, shirika la viwango, wanataka lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo ile Fielder ya 2013 ya binamu yako wa Dar si gari rahisi, ni gari ambalo huwezi kuwa nalo huku.

Hapo ndipo watu wanapata akili. Analinunua Tanga, anaacha namba za kule, anavuka mpaka wa Lungalunga kwa kibali cha muda na kusema anakwenda kumwona shangazi. Nina mteja alifanya hivyo. Kibali kiliisha, akaendelea kuendesha miezi, akashikwa njia ya Ukunda familia nzima imo ndani na samaki kwenye buti. Alinipigia akiwa pembeni ya barabara akitaka nilipie ushuru siku hiyohiyo. Nilipie vipi? Gari la miaka kumi na moja halina mlango wa kuingilia, hata uje na pesa gunia.

Uingereza nako. Corolla Touring Sports inaundwa Burnaston, Derbyshire, na usukani uko kulia, kwa hiyo kweli unaweza kuileta. (Ya Ujerumani usiniulize, usukani wa kushoto hausajiliwi hapa.) Ila ukinunua kwa mtu binafsi kule, ndani ya bei yake kuna VAT ya 20% aliyoilipa mwenye gari wa kwanza, na hakuna atakayekurudishia. Halafu ingia uvunguni. Barabara zao humwagwa chumvi wakati wa baridi, na nimeona wagoni la miaka minne limeliwa kutu kwenye boliti zote za chini huku juu linang'aa kama sahani ya harusi.

Njia ya mkato ya huko ni jina la dada. Msamaha wa ushuru kwa Mkenya anayerudi upo, na ni halali, lakini awe ameishi nje angalau miaka miwili, gari liwe lake kwa angalau miezi kumi na miwili, na awe anarudi kuishi. Si kuja wiki tatu kwenye harusi, apige picha na gari, arudi Leicester. Gari la msamaha pia haliuzwi kwa mtu mwingine mpaka ushuru wake ulipwe. Karatasi hizo siziandiki, na waliokasirika kwa hilo ni wengi.

Wengine hutuomba tumwambie muuzaji aandike ankara ya bei ndogo. Nimeshaeleza KRA wanatumia orodha yao, kwa hiyo ankara ndogo haikupunguzii hata thumni. Inachopunguza ni bima. Bwana mmoja alisisitiza, bima ikakatwa kwa nusu ya alicholipa, gari likashuka melini ubavu umebonyea kuanzia mlango hadi taa ya nyuma. Akalipwa kwa hesabu ya nusu aliyoiandika mwenyewe.

Lakini kilichoniuma zaidi ni cha Desemba. Magari ya mwaka wa mwisho unaoruhusiwa hushuka bei sana mwisho wa mwaka, na kuna sababu: likitia nanga baada ya Desemba 31, limepitwa. Safari kutoka Japani ni wiki nne hadi sita, na meli haina haraka na wewe. Mteja alinunua mwenyewe mwezi wa kumi na moja, akatuletea karatasi akiwa na furaha. Meli ilifika Januari. Nilikaa naye hapa mpaka magharibi, chai ikapoa, hakuinywa. Tangu hapo, ikishapita Septemba hatuagizi gari la mwaka wa mwisho, hata uongeze ada.

Na betri. Ya Fielder iko chini ya kiti cha nyuma, na pembeni ya kiti pana tundu la hewa la kuipoza. Mama mmoja wa Kisauni aliambiwa na fundi betri imekufa, anunue nyingine. Tulifungua feni tukakuta vumbi, makombo ya biskuti na soksi ya mtoto, ya kushoto. Tulisafisha, taa ya onyo ikazima, mpaka leo anaendesha. Kwa hiyo kila haibridi tunayoitoa tunaipima betri kwa mashine hapohapo CFS, na tunafungua hilo tundu. Inachukua karibu saa nzima na wenzetu wengine hawajisumbui.

Yule wa simu alikaa mwishowe. Tulipiga hesabu tatu upya, akachagua Fielder ya 2020 yenye karatasi ya mnada isiyo na R, maana R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Juzi aliuliza kama naweza kumpunguzia ada. Nikamwambia soksi nitazitoa bure.