Mwanangu, kabla hujahesabu vitanda

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na wajukuu zangu. Picha za ile nyumba ya shamba ya zamani mnayotaka kuinunua huku Ufaransa, ya kukutania jamaa na kukodisha, nilizipata zote, na juma lililopita nikachukua gari nikaenda kuiona mwenyewe, maana ukuta hauonekani kwenye simu. Wakala alinifungulia akaniacha humo hadi jioni. Nimeona nikuandikie kwa sababu tukizungumza kwa simu tunakatizana, na haya nataka uyasome taratibu na mumeo, kisha uwasomee binamu zako wa Coventry na wa Rotterdam kabla hamjatia saini karatasi yoyote.

Kwenye ujumbe wako uliuliza jambo moja tu: vitaingia vitanda vingapi. Jibu langu ni watu 15, na sababu zake nitakupa. Lakini nyumba hii ina mambo ya kuulizwa kabla ya vitanda.

Nianze na uzuri wake, kwa sababu ni nzuri kwelikweli na imenigusa. Ukipanda kutoka mji wa Sarlat unaiona kwa mbali, mawe yake ya manjano, paa limesimama wima kama yalivyo mapaa ya zamani ya eneo hili la Périgord. Paa hilo la nyumba kuu bado ni la lauze, vibamba vya mawe vinavyopangwa kimoja juu ya kingine na kushikana kwa uzito wao wenyewe. Mita moja ya mraba inapita kilo 500. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wamebaki wachache na malipo yao ni makubwa, kwa hiyo paa ndilo lililonitia hofu tangu ulipotuma picha. Nilipanda darini na tochi, nikagonga mbao moja moja. Mwaloni ni mkavu, mdudu hajaupitia isipokuwa kwenye pembe moja ya kaskazini, na vibamba havijateleza. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwani paa lingekuwa bovu ningekwambia achana nayo hapo hapo.

Sasa chumba kikubwa cha chini. Ukivuka kizingiti unakuta sakafu ya mawe iliyolika katikati kwa nyayo za watu, na upande wa kulia jiko la kuni ambalo mtu mzima anaweza kuketi ndani yake pembeni mwa moto. Nyuma yake kuna kijichumba cha kuoshea vyombo, chenye beseni lililochongwa katika jiwe moja, na tundu la kutolea maji likipenya ukuta mzima mpaka nje. Nilimimina chupa ya maji, nikatoka nje kutazama. Yalipita bila kusita. Kijichumba hicho msikivunje kwa ajili ya choo.

Sisi watu wa Lamu tunajua kuwa chumba hupimwa na boriti. Boriti ya mkoko ni kama mita 3 tu, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba. Mafundi wa huku walikuwa na mwaloni, na mwaloni uliokomaa unavuka mita 6 bila nguzo ya kati. Ndipo wakapata ukumbi ambamo watu wote wa shamba, mwenye mali, wanawe, wajukuu na vibarua wa mavuno, walikaa meza moja. Nyumba hii tangu mwanzo ilijengwa kwa watu wengi kula pamoja. Binamu yako anasema wakiugawa ukumbi huo watapata vyumba vitatu zaidi vya kulala. Usikubali, mwanangu. Simama imara kwa hili hata kama watakuona mbishi.

Nimefanya kazi katika nyumba nyingi za namna hii zilizotengenezwa ili zikodishwe na makundi, na nimeona zinakoharibikia. Mwenye nyumba anahesabu vichwa, anabana kitanda kila penye nafasi, halafu anabakiwa na meza ya watu wanane. Wageni 20 wanakula kwa zamu, watoto wanakula ngazini, na wazee wanarudi vyumbani mwao mapema kwa kukosa pa kukaa. Familia iliyotawanyika Muscat, Uholanzi na Uingereza haipandi ndege kuja kulala. Kulala wangelala makwao. Wanakuja kukaa chumba kimoja usiku kucha, shangazi yako asimulie habari za mtaa wa Langoni kule Lamu, vijana wacheze karata, na mtoto mchanga apitishwe mkono kwa mkono. Kwa hiyo vitanda viende juu na kwenye banda la zamani la ng'ombe, ambalo kuta zake ni nzuri, na ukumbi ubaki ukumbi.

Hiyo 15 sikuitoa kichwani mwangu. Kwa sheria za Ufaransa, nyumba ya likizo inayolaza zaidi ya watu 15 huhesabiwa kuwa jengo la kupokea umma. Hapo unaingia katika kanuni nyingine za moto: taa za dharura, mfumo wa king'ora, milango inayozuia moshi, njia za kutokea, pamoja na masharti ya kuwapokea watu wenye ulemavu. Sisemi ni kanuni mbaya, maana zimewekwa kuokoa roho za watu. Lakini kuziingiza katika nyumba ya zamani yenye ngazi moja ya mbao kunamaanisha kuikata nyumba vipande. Mkibaki 15, mnaweka vigunduzi vya moshi, ambavyo tangu 2015 kila nyumba nchini inatakiwa kuwa navyo, mnaweka vizima moto, na ngazi inabaki ilivyo. Siku tukikutana wengi zaidi, waliozidi watakodi kijumba cha jirani, na chakula tutakula pamoja.

Halafu kuta, na hapa naomba unisikilize kama unavyomsikiliza fundi, usinisikilize kama baba. Ukuta wa kaskazini uliouona kwenye picha ukapenda ulivyo laini, umepigwa lipu ya saruji. Nilichuchumaa pale chini nikaugonga kwa mpini wa mwiko, ukalia mtupu. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikatoka chenyewe, na jiwe nyuma yake likawa linamomonyoka kwa kidole, limejaa chumvi nyeupe. Ndani ya nyumba, mahali pale pale, kuna alama ya unyevu inayonifika kiunoni na rangi imevimba.

Ukuta wa namna hiyo, unene wake sentimita 60 au 70, hauna kitu chini yake cha kuzuia maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini siku zote, na siku zote ulikuwa ukitoka kupitia chokaa iliyo kati ya mawe. Ukiufunika kwa saruji, unyevu haupati pa kutokea. Unapanda juu zaidi, unageukia ndani, na baridi inapofika maji yaliyonaswa yanaganda na kuusukuma uso wa jiwe mpaka upasuke. Na wewe unataka kuweka humo watu 15, kila mmoja anaoga, anapumua, masufuria yanachemka kutwa. Mvuke wote huo utakwenda wapi? Baada ya misimu miwili mtanuka ukungu hadi kwenye magodoro.

Dawa yake naijua tangu nikiwa kijana kwa babu yako. Ni chokaa. Jiwe linachomwa kwenye tanuri hadi nyuzi 900 hivi, linatiwa maji, linakuwa unga au uji mweupe, na ukishaupaka ukutani unavuta hewa ya ukaa na kurudi jiwe taratibu. Kwetu tulichoma matumbawe, huku wanachoma mawe ya mlimani, lakini kazi ni ile ile, na mkono wangu haukupata shida kuizoea nilipofika. Saruji yote ya ukuta ule itolewe, viungo vichimbuliwe, ukuta uachwe ukauke miezi kadhaa, kisha upigwe chokaa na mchanga wa hapo hapo ili rangi ishabihiane na mawe. Mkitaka joto, upande wa ndani upigwe chokaa iliyochanganywa na mashina yaliyokatwakatwa ya chanvre, mmea wa jamii ya bangi isiyolevya. Inahifadhi joto na bado inapitisha unyevu. Msikubali kubandikiwa povu la plastiki.

Zingatia na majira. Chokaa haivumilii baridi ya kugandisha ikiwa bado mbichi, kwa hiyo kazi za nje hufanywa kuanzia masika ya huku mpaka mwanzo wa vuli. Na hiyo ndiyo miezi ambayo nyumba inaingiza fedha. Mkianza kupokea wageni kabla ya kuta za nje kwisha, hamtapata nafasi ya kuzimaliza. Nje kwanza, hata kama mtachelewa mwaka mzima.

Maji taka. Najua si mazungumzo ya kupendeza, lakini nyumba za makundi hufia hapo. Kijiji kile hakina bomba la maji taka, kila nyumba ina tangi lake ardhini, na matangi mengi yalipimwa kwa familia moja. Muuzaji analazimika kisheria kukupa ripoti ya ukaguzi wa tangi isiyozidi miaka 3, kutoka ofisi ya eneo wanayoiita SPANC. Wakala aliniambia ipo, ila hakunionyesha. Idai. Ikisema tangi halifai, mnunuzi ndiye anayepaswa kulirekebisha ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo gharama yake iingie katika kujadili bei.

Bwawa la kuogelea naona mumeo amelishikilia. Sawa, watoto watalifurahia, lakini sheria ya 2003 inataka bwawa lililochimbwa liwe na kinga inayotambulika: uzio, kifuniko, paa la juu yake au king'ora. Mimi nataka uzio, na mlango wake ujifunge. King'ora kinalia mtoto akiwa tayari majini.

Jikoni weka jiko la gesi lenye moto mpana. Yale majiko ya kioo ya sumaku hayapashi sufuria ya aluminiamu, na sioni shangazi yako akipika pilau ya watu 15 katika vijisufuria. Yeye mwenyewe hawezi tena ngazi, kwa hiyo chumba kimoja na bafu viwe chini, upande wa ule mtini. Kibla kiko kusini mashariki, na ukumbi umeelekea karibu huko huko. Mkikunja mazulia ya kulia chakula mnapata pa kusali jamaa wote.

Kanisa la kijijini ni jengo la kihistoria lililosajiliwa, na nyumba iko ndani ya mita 500 zake, kwa hiyo madirisha, rangi na paa vitapita kwa mbunifu wa serikali anayelinda majengo. Binamu yako analalamika kuwa ni usumbufu. Mimi nasema ni bahati. Sarlat isingekuwa Sarlat bila sheria ya 1962 iliyoanza kulinda mitaa mizima ya zamani. Hadi leo unaweza kupita pale Jumamosi ya soko, katikati ya kokwa za jozi na jibini, ukaona kazi ya mikono ya mafundi walioishi miaka mia tano iliyopita. Mwende kwake mapema na michoro, kabla hamjaamua.

Nyumba hizi za mashamba zilianza kuachwa watu walipohamia mijini, na nyingi zilianguka. Zilizosalia, nyingi zimeokolewa na wageni. Tangu 1955, ulipoundwa umoja wa Gîtes de France, wakulima wamekuwa wakitengeneza majumba yao matupu na kukodisha kwa familia za mjini, na kodi hiyo ndiyo iliyolipa mapaa. Nyumba isiyokaliwa hapa huliwa na mvua haraka. Ndiyo maana nafurahi mnainunua, na ndiyo maana nataka ijae watu kila kiangazi.

Sasa fanya hivi. Nitumie ripoti ya tangi na ramani ya vipimo vya vyumba vya juu. Usikubali bei yao mpaka nimeleta fundi wa paa aione ile pembe ya kaskazini. Na mwambie binamu yako anipigie Jumapili baada ya adhuhuri, anieleze yeye mwenyewe anataka kuufanya nini ule ukumbi. Nitamsikiliza kwa adabu, kisha nitamjibu.

Wabusu watoto. Mama yako anakusalimu sana, na anauliza kama mtini ule unazaa.

Baba yako